Masta ya Roboti na Fimbo ya Baba

Mwaka ule droni zilipoanza kulia juu ya vilima vya kwetu Masisi kila asubuhi, mimi nilikuwa nachagua chuo cha kusomea masta ya roboti. Nikilisema leo naona kinyaa hata mimi. Nilikuwa na lisansi, digrii ya kwanza, ya elektromekaniki niliyoipata Goma, barabara imefungwa na vita, na vyuo viwili vya ng'ambo vimenikubali. Kimoja kilishughulikia roboti za kuingia mashimo ya madini, lakini hakikuwa na ufadhili. Cha pili kililipa kila kitu, kuanzia tiketi mpaka chakula. Hicho kilitengeneza droni zinazotambua watu kutoka angani.

Intaneti niliipata dukani kwa Papa mmoja, mzee aliyetoka Butembo, muuza chumvi na misumari, mwenye antena juu ya bati. Wiki ile droni ilikuwa imepiga ng'ombe wa jirani kwenye malisho ya juu. Hakuna aliyethubutu kupanda kuwafukia, na upepo ukatuletea uvundo mpaka ndani ya duka. Nilikaa humo nimeziba pua kwa kitenge, natazama kwenye simu picha za maabara nyeupe, vijana wakicheka pembeni ya mashine safi. Nilitamani kutema mate.

"Uko nachagua nini tena?" Papa aliniuliza. "Ile ya madini bila bourse, utalipa na nini? Na mashine ikiingia mu shimo, vijana wanaochimba kule Bisie watakula nini? Kamata ile ya bourse. Mutaka cha uvunguni, ainame."

Siku ya mahojiano kwa video, baba alinisindikiza. Ni mfugaji, Kifaransa hakijui, akakaa nyuma yangu juu ya gunia la maharagwe. Profesa alikuwa mpole, mwenye tabasamu lisiloisha. Alinionyesha kazi yao: picha iliyopigwa kutoka juu, vilima vya nchi ambayo hakuitaja, watu wamezungushiwa miraba. Kijani ni raia, nyekundu ni wapiganaji. Mmoja wa wale wekundu alikuwa amelaza kitu kirefu mabegani, mikono yote miwili imening'inia juu yake. Mbele yake ng'ombe walionekana wazi. Kwetu kila mchungaji hutembea hivyo akichoka.

Nilimwambia ile ni fimbo, si bunduki. Badala ya kuona aibu, alifurahi. Akasema ndiyo maana wananihitaji: nitakaa maabara nikiwaonyesha nani mchungaji, nani adui. Alilitamka neno hilo kama anayeagiza chai. Akanipa mpaka kesho yake nijibu.

"Anasema nini?" baba akauliza.

Nikamweleza yote. Akaisogelea simu, akaitazama ile picha.

"Ule iko muntu wa ng'ombe," akasema, akarudi kwenye gunia lake.

"Kubali, dada," Papa akasema. "Ukiwa kule, utawafundisha."

Hilo ndilo lililonichefua kuliko yote, kwa sababu lilikuwa na akili ndani yake. Ningekula mkate wao kwa kunyoosha kidole: huyu aachwe, huyu apigwe. Na siku nitakapokosea, nitakuwa mbali, nimekaa kwenye kiti kizuri, hata uvundo siusikii.

Asubuhi baba alifungua zizi, akatoka nyuma ya ng'ombe mikono mitupu, akiwaswaga kwa sauti na kwa kuwapiga makofi mgongoni. Nikamuuliza fimbo iko wapi.

"Niliiacha mu nyumba," akasema. "Wewe kamata masomo yako, mutoto yangu. Mimi nitazoea."

Nilimtazama akipanda kilima, mzee asiyejua aiweke wapi mikono yake. Nikaenda dukani, nikamwandikia profesa kwamba siji. Papa aliniita mpumbavu. Nikarudi nyumbani, nikachukua fimbo, nikampelekea malishoni.