Nilimfungia Mlango Akikatwa Panga, Kisa Wageni wa Sera

Mimi ni mkosaji, na nasema mapema ili usije ukanionea huruma katikati ya habari. Mwanamke alinikimbilia akiwa anakatwa panga, nami nikamfungia mlango. Jina langu nalificha kwa aibu, si kwa hekima.

Miaka ile wakimbizi walikuwa wanavuka ziwa kila kukicha. Wengine walipelekwa kambini, wengine walijipenyeza vijijini wakawa wanalima vibarua. Mimi nilikuwa afisa wa elimu ya watu wazima, mtu wa Singida niliyeletwa Kigoma kikazi, na kusema kweli nilikuwa nimepachoka. Nilitaka Dar es Salaam. Nililala nikiiota, nikaamka nikiitaka!

Basi nikaanzisha darasa la kisomo katika shule ya kijiji cha Simbo, wenyeji na wakimbizi benchi moja. Sikutaka wasome vitabu vya serikali vya habari za mbolea na choo bora. Nilikuwa na mbinu yangu: mwanakisomo anasimulia jambo lililompata, mimi naliandika ubaoni kwa maneno yake mwenyewe, halafu darasa zima linajifunza kusoma kwa maneno hayo. Na mbinu ilifanya kazi, wallahi. Mtu mzima anashika haraka maneno yaliyotoka kinywani mwake.

Habari zikafika Dar. Kukawa na timu inayoandika sera mpya ya elimu ya watu wazima, wakasema watakuja kuliona darasa langu. Ndugu yangu, nilichanganyikiwa! Nilijua wakipendezwa, naondoka nao.

Nilitaka hadithi ya kuwatoa machozi. Nikamfuata Mama Domitila.

Huyu mama alivuka ziwa na binti mmoja, wakapotezana katika msukumano wa watu wakati wa kushuka. Kisomo alikipenda kwa sababu moja tu: aweze kusoma mwenyewe majina ya watoto waliopotea, yale yanayobandikwa ukutani kambini, bila kumwomba mtu. Alikuwa hakosi darasani hata mvua inyeshe.

"Mama, nisimulie yaliyokupata kwenu," nikamwambia.

"Oya, hapana, mwalimu. Ayo ni ya kule. Tuyaache kule."

"Hayo ndiyo wageni wanayotaka. Wasipoyapata darasa litafungwa. Sasa wewe utasomea wapi?"

Ulikuwa uongo. Hakuna aliyetaka kulifunga darasa. Lakini nilijua pa kumbana, nikambana papo hapo.

Akasimulia, macho chini. Nikaandika. Alipomaliza akanishika mkono. "Mwalimu, nimekubali. Lakini usiseme ni yangu. Na huyo fundi baiskeli, umutoe."

"Nimtoe kwa nini?"

"Umutoe tu."

Nikamwambia sawa. Sikumtoa! Niliona hadithi bila fundi baiskeli haina chumvi. Wala sikujiuliza ni kwa nini mama anaogopa neno hilo na si neno moto.

Siku ya wageni ikafika. Wakaja na Landrova, kiongozi wao tukimwita Dokta, mzee mpole mwenye kofia. Wanakisomo wakasimama, "Shikamooni!" Mimi nimevaa suti, najiona kama bwana harusi. Ubaoni nilikuwa nimeandika hivi:

Nilikuwa na mume na nyumba ya matofali. Fundi baiskeli wa kijiji chetu alikuja na wenzake. Alitia moto mlango. Mume wangu alikuwa ndani.

Sasa nikataka kuonyesha msomaji wangu hodari kuliko wote. Alikuwa mkimbizi pia, jina lake Salvatori, kijana mtaratibu asiye na maneno mengi. Alisema ametoka upande mwingine kabisa wa nchi yao. Pale kijijini alikuwa anaziba pancha na kunyoosha rimu nje ya shule. Ndiyo, ndugu msomaji! Alikuwa fundi baiskeli. Nami kwa upofu wangu wa kutaka sifa sikuona kitu.

"Salvatori, njoo utusomee."

Akaja, akashika fimbo ya kuonyeshea. Sentensi ya kwanza akaisoma vizuri. Ya pili akaanza, "Fundi... baiskeli... wa kijiji... chetu..." Akakwama. Fimbo ikabaki pale pale ubaoni.

Mzee mmoja mwenyeji, Muha, mtani sana, akapiga kelele kutoka nyuma: "He! Salvatori! Mbona unajisoma mwenyewe?"

Darasa likacheka. Wageni nao wakacheka, maana hawakujua wanachekea nini. Mama Domitila peke yake hakucheka, ameinamisha kichwa mpaka kilemba kinagusa meza. Nilimwona hivyo, na bado sikulisimamisha somo!

Dokta akauliza kwa upole, "Na mwenye hadithi hii ni nani? Tungependa kumpongeza."

Ulimi wangu huu! Ningesema hayupo. Ningesema ni hadithi ya wote. Badala yake nikanyoosha kidole. "Mama Domitila, simama mama, wageni wakuone."

Akasimama. Salvatori alikuwa bado mbele ameshika fimbo. Wakatazamana. Wageni wanapiga makofi, na wale wawili wanatazamana. Kisha Salvatori akaweka fimbo mezani taratibu, akatoka. Nikachukia kwamba ameniharibia somo.

Chakula kilikuwa kwa mwalimu mkuu, nyumba iliyo jirani kabisa na darasa. Samaki wa ziwani, migebuka ya kukaanga, kuku, wali. Mama Domitila alibaki darasani akifuta ubao kwa kitenge chake. Nilimwacha anafuta. Nilikuwa na haraka ya kuwanawisha wageni.

Nimeshika birika, maji yanamiminika kwenye mikono ya Dokta, nikasikia mayowe. Nikachungulia dirishani. Mama Domitila anakuja mbio, bega limechanika, damu imelowesha kifua chote. Nyuma yake Salvatori ana panga. Ndipo nikaelewa fundi baiskeli wa ubaoni ni nani.

"Mwalimu! Mwalimu, mlango! Mana yanje, Mungu wangu, mwalimu!"

Mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa wazi, ndugu msomaji! Hatua chache tu angeingia.

Unajua nilichofikiria? Sikufikiria atakufa, wala sikufikiria kwamba Salvatori ataingia atukate wote, ingawa baadaye nilijidanganya hivyo. Nilifikiria: wageni wakiona hili, Dar nimeikosa. Basi nikausukuma mlango kwa bega nikatia komeo.

Alifika. Alipiga kwa viganja vyake, nikasikia anashika fremu ya mlango. Halafu panga likashuka. Lilipiga mbao kwa nguvu mpaka komeo likatikisika, na yule mama akatoa sauti ambayo sitaiandika hapa.

"Nini hicho?" Dokta akauliza.

"Walevi tu, Dokta. Gongo imewazidi. Karibuni chakula." Nikaenda nikaongeza sauti ya redio. Mkono wangu huu ndio uliozungusha kitufe.

Mungu anilaani, walikula.

Nje, wanakisomo walisikia wakarudi. Walimwangusha Salvatori. Wale wale waliocheka naye muda mfupi tu uliopita walimpiga kwa mawe, mipini ya majembe na miguu ya madawati. Mzee mtani alikuwa wa kwanza kumvunja mkono. Nilitazama kwa upenyo wa pazia. Alikuwa akilia jina la mama yake, kisha akawa halii tena, na wao hawakuacha. Walipomwachia alikuwa amekufa, uso haukuwa uso. Wageni niliwatoa kwa mlango wa uani, Landrova ikawabeba mpaka mjini.

Mama Domitila hakufa. Vidole vinne vya mkono wa kulia vilibaki kizingitini mwa mwalimu mkuu. Mke wa mwalimu mkuu ndiye aliyeviokota kwa jani la mgomba, na toka siku ile hakunisalimia tena.

Dar nilikwenda. Tamaa mbele mauti nyuma, wanasema, ila mauti yalimpata mwingine na mimi nikapata ofisi! Nilikaa meza moja na Dokta, na mbinu yangu ikaingizwa katika mwongozo wa nchi nzima: mwanakisomo asimulie maisha yake. Siku hiyo walinipigia makofi. Sikusema neno. Neno moja tu la tahadhari ningeweza kuliingiza, lakini wangeniuliza nimejulia wapi.

Baada ya hapo sikuweza tena kukaa chumba chenye mlango uliofungwa. Nyumbani tulilala milango wazi, wezi wakatuingilia, mke wangu akavumilia mpaka akashindwa. Akaondoka na watoto. Kazi nikaiacha.

Nikarudi Kigoma kumtafuta. Nilimkuta sokoni Mwanga anauza mawese. Ule mkono ameuvika soksi. Nikapiga magoti pale pale kwenye tope, watu wakakusanyika. Nikamwambia yote, hadi redio. Alinisikiliza bila kunikatisha.

"Binti yako ulimpata?" nikamuuliza mwishoni.

"Nasoma majina kila yanapobandikwa," akasema. Kisha akaniangalia. "Mwalimu, wale wageni walishiba?"

Akangoja. Alitaka jibu kweli, hakuwa akinikejeli.

"Walishiba, mama."

"Haya," akasema, akageukia mteja mwingine.

Ndugu zangu mnaoandika sera na miongozo, na ninyi mnaosimama mbele ya watu wazima na chaki mkononi, nawasihi! Mtu mzima akikwambia hili tuliache kule, liache. Kabla hujamsimamisha mbele za watu, mwulize nani mwingine amekaa humo ndani. Na kama umeshamsimamisha, akaja anakimbilia mlango wako, mfungulie, hata kama wageni wako hawajanawa mikono.