Githeri Tena, Mama

Mama yangu hakuwahi kusikia hata neno moja la nyimbo zangu, na mimi nilipenda iwe hivyo. Mimi ndiye mwimbaji wa bendi ya pop-punk hapa Nakuru: gita mbili za mbio, ngoma za kukimbizana, na mimi mbele nikiruka na kupayuka kama mtu aliyekanyaga siafu. Katika kelele ile unaweza kumsema yeyote. Mimi nilimsema mama. Wimbo wetu uliopendwa zaidi ulikuwa malalamiko ya mtoto aliyelishwa githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemshwa pamoja, Jumatatu hadi Jumapili kwenye shamba dogo la Mai Mahiu, na shamba lenyewe ni letu.

Mama alikuwa amechoka kuulizwa kanisani mwanawe anafanya kazi gani. Mjomba wangu, fundi kwenye visima vya mvuke wa kuzalisha umeme kule Olkaria, akanitafutia nafasi. Tukakubaliana na mama kwamba atakuja kunisikiliza mara moja tu. Akiona ni upuuzi, naacha bendi, na Jumatatu naripoti Olkaria. Nilikubali haraka kwa sababu nilijua haji.

Akaja. Ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Rhonda, hapa Nakuru. Aliketi mstari wa mbele na kitambaa cha kwaya kichwani, yeye na wenzake wanne wa kwaya ya akina mama anayoiongoza. Nilishikwa na woga wa kweli. Niliwaomba wenzangu tuuache ule wimbo wa githeri. Wakanicheka, na mpiga ngoma akauanzisha.

Ubeti wa kwanza ulipita salama, maana hakuna aliyesikia kitu. Tulipofika kwenye kiitikio, stima ikapotea. Spika zikanyamaza, gita zikawa kama hazipo, na sauti yangu ikabaki peke yake ukumbini, kila neno wazi: "Githeri tena, mama, nimekukosea nini?"

Watu wakaangua kicheko. Nikafunga mdomo. Mama alikuwa ananitazama tu, nami nikajiona tayari nimevaa kofia ngumu na mabuti ya Olkaria.

Sasa, kwenye kwaya ya mama kuna jambo moja lisilosameheka, nalo ni wimbo kukatika katikati. Mwimbishaji akikwama, aliye karibu huudaka hata kama haujui vizuri, na wengine huitikia. Mama amefanya hivyo kila Jumapili tangu nikiwa mtoto. Basi akasimama, akaanza kupiga makofi taratibu, akaudaka wimbo uliomsengenya yeye mwenyewe. Aliuimba kwa mwendo wa kanisani, na wale wanne wakaitikia kwa sauti zilizopangana vizuri, wakimuuliza mama wamemkosea nini. Vijana wote ukumbini wakajiunga. Mpiga ngoma akafuata kwa vidole. Sijawahi kusikia wimbo wetu ukiwa mtamu vile, na nakiri nilimwonea mama wivu kidogo.

Baadaye nilimfuata nje nikiwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha. Hakuniacha nifike mbali.

"Hiyo kazi ya Olkaria, ambia mjomba wako apatie mtu mwingine," akasema. "Lakini hiyo wimbo yako iko na uongo. Jumapili githeri ilikuwa inakuwa na nyama. Weka hapo."

Tukaiweka. Ni ubeti mzima sasa, na watu wanaupenda. Nimejaribu sana kuikumbuka hiyo nyama. Nimewauliza hata dada zangu, na hakuna anayeikumbuka. Lakini mama huja kila tunapopiga karibu, na ubeti wa nyama ukifika huuimba kwa nguvu kuliko mtu yeyote ukumbini, macho kwangu. Nami humwitikia.