Cholafali Mbichi Barazani

Ambalal Patel wa kijiji cha Uttarsanda hajawahi kukaa akatulia. Hata siku ya harusi yake aliuzunguka moto kwa haraka mpaka pandit, kuhani aliyewafungisha ndoa, akamsihi apunguze mwendo, maana bibi harusi alikuwa anakanyaga sari yake. Mtu wa namna hiyo lazima mkono wake upewe kazi. Kazi ya mkono wa Ambalal ilikuwa kuingia mfukoni, kutoa kipande cha cholafali kibichi na kukipeleka mdomoni.

Tabia hiyo aliipata utotoni, juu ya paa la nyumba yao, mama yake alipokuwa akisukuma cholafali na wanawake wa mtaani. Ni unga wa dengu na choroko, unakandwa kwa maji na magadi, unatwangwa kwa mchi mpaka unalainika, unasukumwa, unakatwa vipande virefu, unaanikwa. Watu hununua vikiwa vikavu, sikukuu ya Diwali ikikaribia, wakavikaange nyumbani vifure. Vikiwa vibichi ni vigumu, vina ladha ya magadi, na mwenye akili zake timamu havili. Ambalal alivila.

Mama alipofariki, paa lilibaki mikononi mwake, pamoja na wanawake wale. Ndipo afisa mmoja wa kodi alipokata shauri kwamba cholafali si jamii ya papadi, vile vikate vyembamba vikavu vya kukaanga, isiyotozwa kodi, bali ni kitafunwa cha pakiti kama chevda, kinachotozwa. Na kodi idaiwe ya miaka yote iliyopita! Kulipa deni hilo kulikuwa na maana ya kuuza nyumba, paa na kila kitu. Ambalal alikata rufaa akashindwa. Likabaki baraza la rufaa, mjini Ahmedabad.

Asubuhi ya kesi mkewe, Jasumati, alimkagua mlangoni.

"Baba Hetal, hiyo mifuko mbona imevimba?"

"Leso."

"Leso inatafunika? Siku moja nitaishona yote, utaona!"

"Jasu, niache. Roho iko juu, na treni hainisubiri."

Barazani waliketi majaji wawili. Wakili wa Ambalal, binti mwenye sauti kavu aitwaye Toral Vyas, alisema vizuri sana. Hoja yake ilikuwa moja: kitafunwa ni kile unachofungua pakiti ukala. Cholafali, kama papadi, haiingii kinywani mpaka ipite kwenye moto.

"Hakuna binadamu, waheshimiwa," alisema, "anayekula kitu hiki kibichi."

Akanyamaza ili maneno yawaingie. Ukumbi ukatulia tuli. Katika utulivu huo, kutoka benchi la nyuma, ikasikika: kwachu, kwachu.

Toral hakugeuka. Alifumba macho.

"Wewe mzee hapo nyuma," alisema jaji mkubwa, "unakula nini?"

Ambalal alisimama. Angeweza kusema ni karafuu, ni iliki, ni chochote. Lakini huyu bwana hajui kudanganya mdomo ukiwa umejaa. "Cholafali, mheshimiwa."

"Iliyokaangwa?"

"Hapana, mheshimiwa. Mbichi."

Wakili wa serikali alicheka waziwazi, akaketi kama mtu aliyemaliza kazi ya siku. Jaji akanyoosha mkono. "Nipe moja."

Alikiuma kile kipande, akakigeuza upande wa pili wa taya, akakunja uso, kisha akakitoa kwa leso.

Nje ya ukumbi Toral alimgeukia mteja wake. "Mzee, umenichinja! Miezi yote ile nimejenga, wewe umekuja kutafuna!"

"Mwanangu, sikujua kama nakula."

Na alikuwa anasema kweli, ndiyo maana iliuma zaidi. Kurudi nyumbani hakukaa kwenye kiti. Alisimama mlangoni mwa behewa njia nzima. Wiki zilizofuata alikuwa akipanda paani, akiwatazama wale wanawake wakisukuma, akishuka bila kuwasalimu. Aliwaonea haya. Usingizi ulimpaa, na la kutafuna akalichukia.

Hukumu ilipotoka, Hetal, binti yao, aliisoma kwa sauti paani, wanawake wameshika vibao vyao. Majaji walikubali kuwa cholafali ni jamii ya papadi. Halafu wakaandika: "Mrufani alionekana akiila mbichi mbele yetu. Hilo halibadilishi kitu. Mtu mwenye hofu hutafuna hata kucha zake, na kucha si kitafunwa."

Wanawake walicheka mpaka unga ukawapaa puani. Ambalal hakucheka. Alikaa chini, pale pale kwenye unga, akalia kama mtoto, na hakuna aliyemtania kwa hilo.

Amani yenyewe haikudumu. Serikali nayo ikakata rufaa, Mahakama Kuu. Siku ya safari Ambalal alivaa kurta yake safi, moyo ukaanza mbio zake, mkono ukashuka mfukoni, ukagonga kitambaa. Akajaribu mfuko wa pili. Yote miwili imeshonwa, kwa uzi mnene wa magunia.

"Jasu! Sasa nikishikwa na hofu nifanyeje?"

Jasumati alikuwa amekwisha kuvaa viatu, tikiti mbili za treni mkononi.

"Tafuna kucha, baba Hetal. Hizo majaji wameshazipitisha."