Kwini wa Kihagara na Magauni ya Walioachika

Tadea wa Kihagara alikuwa na ulimi ambao hata mbwa waliujua. Akipita na ndoo yake kwenda ziwani, wanawake waliokuwa wakisengenya walianza ghafla kuzungumzia mvua. Yeye ndiye aliyekuwa kwini wa kioda pale kijijini, yaani mshika firimbi, na asiyekijua kioda asidhani ni ngoma ya kutikisa kiuno na kwenda nyumbani. Kioda ni vita. Wanawake wanavaa nyeupe tupu, wanajipanga mistari kama askari, firimbi inaamuru na miguu inatii, na katikati ya hayo yote mnawatukana wapinzani wenu kwa sauti nzuri ya kwaya.

Mpinzani wa Kihagara alikuwa Ngumbo. Na kwini wa Ngumbo alikuwa Gertruda.

Huyu Gertruda ndiye aliyekuwa akilala na Raimundi, mume wa Tadea. Raimundi alikwenda Ngumbo kununua nyavu, akarudi baada ya wiki mbili kuchukua mashati yake. Hakuna aliyeona nyavu. Kanisa lilimwambia Tadea kuwa yeye bado ni mke wa mtu. Kitanda kilimwambia vingine. Tangu siku hiyo kioda hakikuwa tena burudani pwani ile.

Shida ni kwamba Ngumbo walikuwa wameshinda miaka miwili mfululizo. Sare za Kihagara zilikuwa mashuka ya zamani yaliyofuliwa hadi yakafanana na uji wa ulezi, na Gertruda alizitungia wimbo ambao watoto wa Kihagara wenyewe walikuwa wakiuimba wakichunga mbuzi. Kikundi kikakaa kikao. Wakaamua: Ngumbo wakishinda tena, firimbi apewe Lidia. Lidia alikuwa mwanamke mpole, mpole wa aina ile inayotisha, anayekuombea rozari huku anapima kiti chako kwa macho.

Basi ilikuwa miaka ile ya ruksa na soko huria. Juu kule Maguu wanunuzi wa kahawa walikuwa wanafukuzana kwa pikapu, sokoni Mbinga mitumba ilimwagwa chini kama mahindi, na kila Mzungu mwenye kabati lililojaa aligundua kuwa ana huruma. Hivyo ndivyo sanduku la magauni ya harusi lilivyofika kwa Katekista Kilian: magauni saba, meupe kama maziwa, yameshavaliwa mara moja moja na akina mama wa Ulaya, wakayatoa ili maharusi maskini wa ng'ambo nao wapendeze. Ng'ambo ndiyo sisi.

Katekista akatangaza kanisani kwa machozi. Maharusi wakaja, wakayashika, wakayanusa. Halafu akaja shangazi wa Vitalia, binti aliyekuwa wa kwanza kuolewa msimu ule, akauliza swali moja tu.

"Katekista, mwenye gauni hili yuko wapi na mumewe?"

"Yuko Ulaya, mama. Ametoa kwa upendo."

"Mwanamke mwenye ndoa nzima anatoa gauni lake la harusi? Wewe mkeo amegawa la kwake?"

Katekista akakumbuka gauni la mkewe, lililofungwa kwenye nailoni chini ya kitanda, ambalo hata yeye haruhusiwi kuligusa. Akanyamaza. Kunyamaza kwake kukatafsiriwa na kijiji kizima kabla jua halijazama: yale ni magauni ya walioachika, na atakayeyavaa ataolewa Jumamosi na kuachika Jumatatu. Vitalia akaolewa akiwa na gauni la kuazima la mjini, lililombana hadi akashindwa kusema "ndiyo" kwa sauti. Hata Adinani, muuza mitumba wa Mbinga, alipopita kufuata dagaa aliyageuza geuza akayarudisha. "Ningekuwa nauza vyandarua ningechukua," alisema.

Tadea alipoyasikia hayo hakuuliza mara mbili. Alikwenda moja kwa moja.

"Tumsifu Yesu Kristo, Katekista."

"Milele amina. Dada Tadea, umefuata nini?"

"Magauni. Mimi nimeshaachika, sasa yatanifanya nini zaidi?"

"Lakini haya ni ya maharusi!"

"Maharusi wako wapi? Nionyeshe mmoja."

"Wafadhili watasema nini?"

"Watasema wametoa. Ndicho walichotaka kusema."

Katekista akafungua Biblia kutafuta andiko. Tadea akatoka na sanduku kichwani.

Kwenye mazoezi mambo yakachacha. Wenye waume walirudi nyuma kama waliomwona nyoka.

"Kwini, utatusamehe," akasema Lidia kwa ile sauti yake ya asali. "Mimi nina mume."

"Unaye? Nilidhani una redio. Maana ninachosikia kwako ni kukoroma na taarifa ya habari."

Lidia akatabasamu. Alikuwa anahesabu siku. Mstari mzima wa wenye ndoa ukakaa kando naye, na Tadea akabaki peke yake na sanduku. Lakini pwani ile haikuwahi kukosa wanawake walioachwa. Akapata watatu walioachika kama yeye, na wajane watatu ambao walisema kifo kimeshapita kwao, gauni lije tu. Jumla ikatimia.

Tatizo likawa mikia. Gauni la Ulaya limeshonwa kwa ajili ya mtu anayetembea polepole kwenye zulia. Kioda kinachezwa mchangani, na waamuzi wanatazama miguu. Tadea akachukua mkasi. Akakata lile la kwanza kwenye goti, bila hata kulipima, na wajane wakashika vinywa. Mikia wakajifunga vilemba. Mabega yaliyotuna kama maandazi wakayaacha, kwa sababu yalitisha.

Siku ya siku walitembea hadi Ngumbo. Uwanja ulikuwa umejaa hadi juu ya mitumbwi. Saba wale walipoingia, kikalipuka kicheko kilichorusha kunguru. Raimundi alikuwa mbele, kati ya wazee, na kofia mpya.

Gertruda hakupoteza muda. Akapuliza firimbi, na Ngumbo nzima ikapokea wimbo alioutunga palepale:

"Maharusi mmefika, bwana harusi yuko wapi?
Tupisheni tumtafute, bwana harusi yuko wapi?"

Ulikuwa wimbo mbaya, yaani mzuri. Kila mtu uwanjani alijua bwana harusi yuko wapi. Wale saba wakapoteana hatua. Mjane mmoja akaanza kugeuka kuelekea njia ya nyumbani, na pembeni Lidia, aliyekuja "kuwatia moyo", tayari alikuwa ameweka mkono kifuani pake, mahali firimbi huning'inia.

Tadea aliuona ule mkono. Akapuliza firimbi hadi mishipa ya shingo ikasimama, akawarudisha wenzake mstarini, kisha akamnyooshea Raimundi kidole. Sasa, Raimundi alikuwa na mgongo mbovu. Pwani nzima iliujua ule mgongo, kwa sababu aliulalamikia pwani nzima.

"Bwana harusi mnaye, mkande mgongo, mkande!
Sisi tumechukua gauni, mkande mgongo, mkande!
Analia usiku kucha, mkande mgongo, mkande!"

Raimundi akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala. Mzee mmoja akacheka hadi akadondosha fimbo. Halafu likatokea ambalo Gertruda hakulitegemea: mstari wake mwenyewe ukaanza kucheka. Mmoja wa mbele akaitikia "mkande!" bila kujijua, wa nyuma yake akamkanyaga, na kikosi cha Ngumbo kikavurugika kama ng'ombe walioingiliwa na nyuki. Gertruda alipuliza firimbi, akapuliza, hakuna mguu uliomsikia. Wale saba wa magauni walikuwa wanapiga mchanga kwa pamoja kama mtu mmoja mwenye miguu kumi na minne.

Waamuzi, wazee watatu wa mganda, ngoma ya wanaume, wasiojua kucheka, walisema jambo moja tu: miguu ya Ngumbo imekatika. Kihagara wameshinda.

Kesho yake asubuhi Tadea alikuwa amekaa mlangoni, anachambua dagaa, firimbi shingoni. Lidia akaja na wenzake, wale wote wenye waume. Safari hii alipiga magoti.

"Hujambo, kwini wetu."

"Sijambo. Mmepotea njia?"

"Hapana, dada. Tumekaa tukafikiri. Yale magauni... si tungeyavaa kwa zamu? Sisi ni kikundi kimoja."

Tadea akawatazama mmoja mmoja, kuanzia vilemba hadi vidole vya miguu.

"Nendeni mkaachike kwanza," akasema. "Halafu mje tuwapime."