Nyumba ya Nekesa Niliyoiita Zizi

Nilidanganya kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna mtu alinilazimisha. Mimi ni nyanya, gogo kama tunavyosema huku upande wa Kapseret, wa wajukuu kumi na mmoja. Shule niliachia darasa la tatu, lakini kwa hili siwezi kusingizia shule. Nilijua.

Nina bwawa. Si la kunyweshea ng'ombe, ni la starehe. Watu walikuwa wanatoka Eldoret mjini Jumapili, wanapanda mashua, wanapigwa picha. Nikiingia kanisani shingo imesimama kama ya jogoo.

Siku moja afisa wa maji akaja kuamua bwawa liko daraja gani la hatari. Nilidhani atapima ukuta tu. Kumbe swali lake kubwa lilikuwa, "Gogo, ukuta huu ukipasuka, maji yatampata nani huko chini?"

"Na kukiwa na mtu?" nikamuuliza.

"Basi daraja linapanda. Injinia atakuwa anakuja kukagua kila mwaka."

Injinia aje kunipa amri kwa shamba la marehemu mzee wangu? Hapo kiburi kikanipanda.

"Hakuna mtu," nikasema.

Akanyoosha kidole. "Na ile bati?"

Ile bati ilikuwa nyumba ya Nekesa, mama wa kutoka Bungoma aliyekodi kipande kando ya mto, anapanda sukuma wiki. Kila asubuhi alikuwa ananisalimia.

"Ile ni zizi," nikajibu.

Mvua ilikuwa inakaribia. Afisa akaandika bila kushuka kuangalia, akaenda. Bwawa likapewa daraja la chini.

Baadaye nikaona samaki wa bwawa wanatoroka kwa mfereji wa kupunguza maji yakizidi. Nikauziba na wavu wa waya. Injinia angeuona siku ya kwanza tu. Lakini injinia gani, na nilisema chini hakuna mtu?

Mvua kubwa ilipokuja, majani yakajaa kwa wavu. Maji yakakosa njia, yakapita juu ya ukuta. Ukuta ni udongo. Ulikatika kama ugali, saa tisa mchana, nikiuangalia.

Watoto wa Nekesa walikuwa shuleni, Mungu asifiwe. Yeye alikuwa nyumbani anafua. Majirani walimtoa kwa seng'enge ya shamba la chini, paja limevunjika. Nyumba hatukuona hata mlango.

Nekesa alipotoka hospitali, chifu akaita baraza. Afisa akasoma karatasi mbele ya watu wote: chini ya bwawa kuna zizi, hakuna makao. Nekesa akasimama na magongo yake.

"Gogo, mimi ni ng'ombe wa aina gani? Mbona hujawahi kunikamua?"

Watu wakacheka. Halafu wote wakageuka kuniangalia.

Sasa anakaa Langas kwa dada yake, anachechemea. Nilimpelekea kuku wawili na maombi ya msamaha. Alinipa kiti, akanipa chai, hakunijibu kitu. Afadhali angenitukana.

Wewe mwenye bwawa, hata kama ni dogo la kuogelea bata, sikia mwanamke mzee aliyeaibika. Ukiulizwa nani anakaa chini yako, usijibu ukiwa umesimama juu ya ukuta. Shuka kwanza, piga hodi, waulize majina yao.