Uyoga Katika Mahindi ya Nafula

Nafula, mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, alileta ukungu wa mahindi kutoka ghala la mama yake kule Naitiri. Alitaka kujua kama ni ule wenye sumu. Tukasoma DNA ya ukungu huo, na majibu yakaja: uyoga. Nikamwambia, kwa sauti yangu ya kisomi, kwamba huo ni uzembe, ameacha sampuli ichafuke. Akarudia. Uyoga tena. Mara ya tatu nilimwinamia begani nisimamie usafi mwenyewe, na tukapata uyoga mtupu.

Juzi aliniita kando, ameshika visahani viwili vya kuoteshea ukungu. Kimoja alikiacha wazi maabarani siku niliyokuwa Bungoma, kingine siku niliyokuwepo. Cha siku ya Bungoma kilikuwa safi; changu kilikuwa kimefunikwa na utando mweupe.

"Daktari, samahani, lakini si nyumbani kwako unapanda uyoga?"

Napanda, huko Tuwan, magunia kumi na mawili chumbani ninamolala, na vumbi lake la mbegu hunishika nguoni.

"Sijawaambia wenzangu," alisema polepole. "Lakini leo ungekaa nje kidogo, Daktari. Mama hajapika yale mahindi, anangoja majibu."

Nikatoka, naye akafunga mlango taratibu.