Tumbo la Manjano

Muulize fundi yeyote wa ndege ndogo: nianze na rangi au nianze na redio? Atakujibu kabla hujafunga mdomo. Redio kwanza. Ukibadilisha vyombo vya kuongozea unang'oa antena za zamani na kutoboa mwili upya, na hakuna mwenye akili zake anayetoboa rangi mpya. Mimi Rehani, mkazi wa Mafiga, fundi wa ndege kwa miaka ishirini na sita, nilimjibu hivyo hivyo rafiki yangu Mansuri. Jibu lilikuwa sahihi. Mpaka leo ni sahihi, na ndiyo maana siwezi kulisamehe.

Mansuri ni mtu wa Kinole, upande ule wa mlima unaonyeshewa karibu mwaka mzima. Alianza kwa kuosha ndege za kampuni moja ya upimaji ardhi. Wakubwa walimkuta mara nyingi amekaa kwenye kiti cha rubani, ndoo mapajani, hata wakachoka kumfukuza, wakampeleka kusomea urubani. Kampuni ilipofungwa, mimi na yeye tukachukua ndege yake moja kuukuu ya viti vinne, ya manjano kuanzia pua hadi mkia. Kila Alhamisi alipeleka mboga na wageni kwenye kambi ya watalii kusini ya Kisaki, Ijumaa akarudi Morogoro. Hana makuu. Mlinzi wa uwanja amemzidi miaka miwili tu, lakini Mansuri humwamkia shikamoo kila asubuhi.

Mama yake, Bi Sabra, aliishi peke yake kule mlimani. Mansuri alimjengea chumba Kilakala, mjini Morogoro, chenye umeme na maji ndani, akakikataa. Kwa Waluguru shamba ni la ukoo wa mama, na yeye ndiye aliyekuwa amelishika. Furaha, binti wa marehemu dada yake Bi Sabra, ambaye ndiye angelirithi, alikuwa akifundisha Dodoma. "Nikishuka mimi, makaburi atakaa nayo nani?" aliuliza. Simu alikuwa nayo, lakini aliitumia kama tochi, na mtandao wenyewe ulikuwa wa kuufuata juu ya kilima.

Kwa hiyo wakapatana, mama na mwana. Mbele ya nyumba palikuwa na mwamba mpana, alipoanika pilipili manga. Akisikia ndege atoke nje atazame. Akiona manjano, atandike shuka jeupe mwambani na kulikandamiza kwa mawe, maana yake mzima. Mansuri azunguke mara moja kumpa nafasi, aone shuka, ainamishe bawa, aende zake. Asipoliona shuka, ajue anaitwa.

Lilikuwa jambo la miaka saba na halikuwahi kukosea, isipokuwa siku moja Bi Sabra alipoitandikia ndege nyeupe ya watalii. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Watani wake walicheka mwezi mzima: Bi Sabra siku hizi anawatandikia wageni shuka! Tangu siku hiyo akawa mwangalifu. Umbo la ndege hakulitofautisha, namba hakuziona, ila yale manjano aliyajua.

Mwaka juzi redio zetu zikaanza kukoroma, na rangi nayo ikawa inabanduka. Uwezo ulitosha kimoja. Mansuri alitaka rangi.

"Mama haoni vizuri siku hizi," aliniambia.

"Rangi itakuongoza kwenye wingu la Uluguru?" nikamuuliza, nikacheka.

Akakubali, kwa sababu mimi ndiye fundi. Nikakwangua tumbo lote na chini ya mabawa nitafute kutu, nikapaka praima ya kijivu, ile rangi ya chini inayotangulia rangi yenyewe. Nikamwambia rangi itafuata.

Alhamisi ya kwanza alizunguka mara tatu juu ya Kinole. Shuka hakuna. Siku hiyo hiyo aligeuza na wageni wake ndani, akatua Morogoro, akapanda bodaboda mpaka mlimani. Akamkuta mama yake amekaa jikoni anamenya ndizi.

"Mama, mbona hukutandika shuka?"

"Nimtandikie nani? Imepita ndege ya majivu tu hapa."

"Ndiyo yangu hiyo mama. Tandika hata ukiiona hiyo."

"Ili watani waniimbe tena? Shuka langu si la kila apitaye, mwanangu. Ipake rangi yake, nitatandika."

Kesho yake Mansuri akaja kwenye banda la ndege na kopo la rangi ya manjano, ile ya kupaka milango, na brashi mpya. Aliniomba tulipake tumbo tu, kwa mkono, mengine yatasubiri.

"Ndege si banda la kuku," nikamjibu.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Rehani."

"Na haraka haraka haina baraka."

Methali zina ubaya huo, kila mtu anakuta ya kwake. Mimi nilikuwa na hoja pia: rangi ya milango itabanduka, nitaikwangua tena, kazi moja nitaifanya mara mbili. Lakini nikisema ukweli, niliona haya mafundi wa Dar waone kazi ya brashi kwenye ndege ninayoitia saini. Nikalisukuma lile kopo chini ya meza. Mansuri hakubishana. Angebishana, labda ningempa.

Vyombo vikachelewa bandarini. Vilipofika vikangoja ukaguzi. Vilipokaguliwa nikavifunga, na sikatai, vilikuwa vizuri: skrini inayokuonyesha milima hata ukiwa ndani ya wingu, na kifaa kinachowaambia waongozaji wa Dar es Salaam kwamba hii ni ndege fulani, iko mahali fulani. Mansuri alifurahi kama mtoto. Kisha masika yakaingia, nami nikasema rangi haipakwi kwenye unyevu, itaota malengelenge, tungoje Juni.

Wakati wote huo mwamba wa Kinole ulikuwa mtupu. Wiki za mwanzo Mansuri alipanda mlimani kila mara kuhakikisha. Baadaye akawa anapanda kila baada ya wiki mbili, halafu mara moja kwa mwezi. Akaacha na kuzunguka. Mwamba mtupu ukawa jambo la kawaida.

Jumatano moja ya mwezi wa Mei Bi Sabra aliteleza mlangoni pa jiko, nyonga ikavunjika. Jirani yake Salma alikuwa ameshuka Mkuyuni kwenye harusi. Alhamisi Mansuri akapita kwenda kusini. Ijumaa akapita kurudi. Mara zote mbili aliuona mwamba, akaendelea na safari. Salma alimkuta mama yule Ijumaa alasiri, kanga imelowa mvua ya siku mbili.

Nilikwenda kumwona hospitalini. Mansuri alikuwa amekaa miguuni pake, amezishika nyayo zake kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba Rehani. Ndege yenu mmeimaliza?"

Nikavuta kigoda karibu na kitanda. Yeye akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesimulia habari za sokoni.

"Nimelala pale mlangoni, mbingu naiona. Ndege ikapita, na kesho yake ikapita tena. Nikatazama tumbo, majivu; nikasema yenu bado ipo bandani inangoja rangi. Ingekuwa ya Mansuri ningejivuta hata kwa viwiko, nikafika uani nimpungie kanga. Lakini za watu, nijitese bure?"

Mansuri aliinamisha kichwa mpaka kikagusa shuka la kitanda. Hakumwambia. Mimi pia sikumwambia.

Siku ya tisa alifariki. Tulimzika Kinole, jirani na makaburi aliyokataa kuyaacha. Mansuri hajanilaumu hata kwa neno moja, wala hajanipunguzia salamu. Ningeona nafuu angenitukana mbele za watu.

Tuliporudi mjini nilikwenda bandani peke yangu. Manyunyu yalikuwa yakianguka, hewa imejaa maji, siku ambayo hakuna fundi anayegusa rangi. Lile kopo lilikuwa bado chini ya meza, na brashi juu yake. Nikalala chali chini ya ndege, nikapaka tumbo lote na chini ya mabawa, matone yakinidondokea usoni. Ilichukua alasiri moja.

Asubuhi nikaigusa kwa kidole. Ilikuwa imekauka.